Gari Kuukuu, Mteremko Mkali: Tafakuri Kuhusu Kutunza na Kupamba

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tulifunzwa tungali watoto wa shule ya msingi, tukaikariri na kuipachika katika insha zetu ili tutuzwe alama. Aghalabu huitumia kuwasuta watu wenye sura za kupendeza na nyoyo zilizooza. Mimi ningependa kuitumia kuzungumzia gari. Si gari la kifahari, msomaji mpendwa, bali Toyota Starlet ya mwaka 1995 iliyo uani kwetu Limuru: gari dogo, fupi, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Swali ninalokusudia kulijadili ni jepesi kulitamka ila ni gumu kulijibu. Mtu mwenye gari kuukuu na fedha chache aanze na lipi, kulitunza au kulipamba? Nyumbani kwetu swali hili lilitugawa kwa muda wa miezi miwili, na maadamu ndani yake mlikuwa na uhai wa mama yetu, sioni haya kulileta mbele ya wasomaji wa jarida la Kiswahili.

Nianze kwa kulieleza gari lenyewe. Kampuni ya Toyota iliunda magari yenye jina la Starlet tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 1999, kisha nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Mengi yalifika nchini Kenya yakiwa mitumba kutoka Japani. Baba yetu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, alilinunua letu mwaka 2002, nilipokuwa na umri wa miaka mitano. Injini yake ni ya silinda nne, yenye ujazo wa sisi 1,331, na uzito wa gari zima haufiki kilo 900. Leo kanuni za nchi haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililopita umri wa miaka minane, kwa hivyo hakuna Starlet nyingine itakayovuka bahari kuja kuirithi hii. Zilizopo ndizo hizo, na kila moja inayochinjwa kwa ajili ya vipuri huipunguza jamii yao. Tungeliuza, bei yake isingetosha kununua hata nusu ya gari jingine la kutegemewa. Kwetu, basi, kulitunza gari hili halikuwa jambo la mapenzi matupu. Lilikuwa jambo la hesabu.

Hesabu hiyo imo katika daftari. Tangu siku aliyolileta gari nyumbani, baba ameandika katika kauntabuku moja nene kila alichokitenda: tarehe, kilomita, kipuri, bei. Lakini mwalimu ni mwalimu, na kalamu yake haikuweza kukomea kwenye filta na plagi. Kuna mahali ameandika: "Km 71,460. Oili na filta. Gari limempeleka mama hospitali saa nane usiku, limemrudisha na mtoto wa kiume." Mtoto huyo ndiye ndugu yangu mdogo. Kwingine ameandika kwamba ametia betri mpya, na chini yake akaongeza kwamba babu amezikwa na mvua haikunyesha. Mimi ninayesomea fasihi nimefunzwa kutafuta wasifu wa watu katika vitabu vilivyochapishwa. Wasifu wa jamaa yetu umeandikwa pambizoni mwa rekodi ya kubadilisha oili.

Daftari hilo lina lugha yake pia. Fundi wa jua kali aliyemfunza baba kazi hii huliona gari kama kiumbe hai. Injini hukohoa, betri hulala, gari hula mafuta, hula tairi upande mmoja, na likizidiwa hunywa maji kama ng'ombe wakati wa kiangazi. Vifaa navyo vimetoka pande zote za dunia. Usukani ni neno la mabaharia lililotoka Uarabuni na kupanda nchi kavu. Parafujo ni la Wareno. Gari lenyewe lina asili ya Kihindi. Breki, gia, spana na rejeta ni za Waingereza. Yote yamekaa katika sentensi moja ya fundi bila ugomvi wowote. Sijasikia mtu akimtaka fundi aseme Kiswahili sanifu ndipo amfungie tairi.

Sasa niuguse ugomvi wetu. Mwishoni mwa mwaka 2024 ndugu yangu alimaliza kibarua chake cha kwanza cha mkataba, akarudi nyumbani na akiba ya shilingi 45,000. Yeye ndiye dereva wa nyumbani siku hizi, kwani macho ya baba yamepungua nguvu. Alitangaza kwamba fedha hizo ni za gari, nasi tukafurahi. Alipoeleza mpango wake, furaha ilipoa. Alitaka rimu za inchi 15 badala ya zile za chuma za inchi 13. Alitaka springi zikatwe ili gari liiname. Alitaka salensa yenye mngurumo na vioo vyeusi. "Gari litazaliwa upya," alisema.

Gari hilo hilo, kila Jumamosi, humpeleka mama Mai Mahiu kwa nyanya. Nyanya amepita umri wa miaka 80 na hataki kuhama kwake. Mama humpelekea unga, mboga, mitungi ya maji, na dawa za shinikizo la damu ambazo hazipaswi kukatizwa. Kiti cha nyuma hukunjwa, mlango wa nyuma ukafunguliwa, na gari hilo dogo likameza mzigo ambao ungehitaji mkokoteni. Hapo ndipo ubora wa umbo lake unapodhihirika. Hata hivyo, mzigo ni uzito, na uzito huo wote hushuka mteremko.

Wanaoijua barabara ya kutoka Rironi hadi Mai Mahiu hawahitaji maelezo. Huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu. Ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali hapo kando ya barabara. Malori mazito huteremka kwa kunyata, mengine hupanda yakitoa moshi, na asubuhi ukungu huweza kulifunika lote usione mkia wa gari lililo mbele yako. Katika barabara kama hii breki si kifaa kimoja miongoni mwa vifaa. Breki ndizo gari.

Nilianza kulipekua daftari la baba usiku, kwa taa ya mezani, jinsi ninavyopekua miswada ya tasnifu yangu. Nilitafuta mara ya mwisho mafuta ya breki yalipobadilishwa. Niliipata: mwaka 2016. Tangu wakati huo yalikuwa yakiongezwa tu yanapopungua. Hapa naomba subira ya msomaji, kwani jambo hili wengi hawalijui. Breki hufanya kazi kwa kuugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati inayopaswa kuondolewa huwa mara nne. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani, mwaka baada ya mwaka, hata kama chupa yake imefungwa vizuri. Kwa mujibu wa viwango vyake, mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi. Yaliyokwisha kunywa maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika ilhali mafuta hayabaniki. Dereva hukanyaga pedeli ikazama hadi sakafuni, na gari likaendelea na safari yake. Ndiyo maana inashauriwa mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama gari halisafiri sana.

Nilitazama tairi pia. Kila tairi huwa na tarakimu nne pembeni zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake. Mawili ya nyuma yalisomeka 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Meno yake yalikuwa yangali marefu, na hilo ndilo lililokuwa likitudanganya, kwa maana mpira ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi.

Niliyapeleka haya mezani baada ya chajio. Ndugu yangu alisikiliza, kisha akajibu kwa maneno ambayo sijayasahau. "Dada, wewe hupanda matatu ukaenda chuoni. Mimi ndiye ninayeliegesha gari hili penye macho ya watu. Wananicheka. Na nikikuambia ukweli, baba akishindwa kabisa, nani atakayelitunza gari ambalo kila mtu analionea haya?"

Nilikuwa nimekuja na jibu la dhihaka, nikalimeza. Alikuwa na hoja. Mtu hukitunza anachokipenda, na ni vigumu kukipenda kinachokufedhehesha. Methali ya mkakasi hutuonya dhidi ya uzuri usio na kitu ndani. Haitwambii kwamba kilicho na kitu ndani kisipakwe rangi. Tofauti yetu haikuwa juu ya kupamba au kutopamba. Ilikuwa juu ya mpangilio: kipi kitangulie kipi.

Baba, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote huo, aliomba karatasi. Alichora mstari katikati. Upande mmoja aliandika: gari lisimame, gari lifuate usukani, dereva aone, injini isichemke. Upande wa pili aliandika: gari lipendeze. "Jazeni bei," alisema, "upande wa kushoto kwanza. Kitakachobaki ni chako, mwanangu, na hakuna atakayekuuliza." Rimu alizozitaka, pamoja na tairi zake, peke yake zingemeza zaidi ya nusu ya akiba. Ndugu yangu alizitazama safu zile mbili kwa muda, akaulizia bei ya brekipedi.

Tulianza Januari. Gari hili lina diski mbele na ngoma nyuma. Fundi wetu alikuja uani, akatuongoza, na tukafanya kazi kwa mikono yetu. Brekipedi za mbele zilikuwa zimelika hadi kukaribia chuma. Viatu vya breki vya nyuma vilikuwa vimelowa mafuta yaliyovuja kwenye silinda ndogo ya gurudumu la kushoto. Tulivibadilisha vyote pamoja na ile silinda. Kisha tukayatoa mafuta ya kale, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva, ndugu yangu akalala chini na spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa katika chupa. "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Ndugu yangu aliinua ile chupa akaitazama dhidi ya jua, asiseme neno. Baadaye alikwenda nayo ndani kumwonyesha mama.

Baada ya breki zikaja tairi, halafu boljointi na tairodi za usukani zilizokuwa zimelegea hata gari likawa linayumba lenyewe kwenye barabara ya murami. Kisha tukaigeukia injini. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mama amejua maisha yake yote kwamba maharagwe ya huku hukawia kuiva. Sababu ni kwamba maji huchemka mapema hewa inapokuwa nyepesi. Kwetu huchemka kwenye takriban nyuzi 93 badala ya 100. Sheria ya sufuria ya mama ndiyo sheria ya rejeta. Kifuniko cha rejeta kimetengenezwa ili kizuie mvuke na kuliongeza shinikizo, maji yasichemke upesi. Springi yake ikichoka, gari huchemka kwenye mlima hata kama rejeta ni nzima. Chetu kilikuwa kimechoka. Kipuri hicho cha bei nafuu, pamoja na kuacha kutumia maji matupu ya mfereji na kutia maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu, kilimaliza tatizo ambalo baba alikuwa akilipambania kwa mtungi wa maji butini.

Fedha za safu ya kushoto zilipokwisha kutumika, zilibaki shilingi 9,000 na ushei. Sasa ikawa zamu ya safu ya kulia, na hapa ndugu yangu alinifunza jambo. Hakununua mngurumo. Alizishughulikia taa. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa taa za mbele hupitia swichi iliyo karibu na usukani, ukasafiri kwenye nyaya nyembamba zilizochoka, ukafika kwenye balbu umepungua nguvu. Alifunga rilei mbili na nyaya nene kutoka kwenye betri, na fyuzi zake, ili swichi iwe ya kuamuru tu. Balbu zilikuwa zile zile, lakini usiku ule ukuta wa jirani uling'aa kama mchana. Kisha alikwangua kutu iliyokuwa ikila ukingo wa mlango wa nyuma, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya gari. Alishona vitambaa vipya vya viti kwa msaada wa fundi cherehani wa sokoni. Rimu za chuma alizipiga msasa na kuzipaka rangi ya fedha. Gari lilipendeza. Nililiona likiegeshwa mbele ya kanisa Jumapili, na nilimwona mwenye kuliegesha akishuka bila haraka.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba ile mistari miwili ya baba haikuwa na ukuta katikati. Kukwangua kutu ni urembo, na pia ni tiba, kwa kuwa kutu isiyokwanguliwa haisiti. Taa kali ni fahari ya dereva, na pia ni usalama wa mama katika ukungu. Pambo lililo bora ni lile linalofanya kazi.

Hata hivyo, singependa msomaji adhani kwamba kila jambo lafaa kufanywa uani. Kuna mipaka. Asiingie mtu yeyote chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Sisi huweka vigingi imara vya chuma na kuyazuia magurudumu kwa mawe. Breki zilizofunguliwa na mwanafunzi sharti zikaguliwe na fundi kabla ya kuteremka mlima. Kunyoosha magurudumu kunahitaji mashine. Vipuri navyo vina hila zake: tulipokwenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi tulibeba kipuri cha kale mkononi ili tulinganishe, kwani katoni iliyochapishwa vizuri si hoja. Huo nao ni mkakasi.

Fauka ya hayo, kuna siku ambapo utunzaji hugeuka kuwa ukaidi. Kutu ikifika kwenye mihimili ya chini, pale panaposhikilia magurudumu na mikanda ya usalama, hakuna rangi wala rilei itakayoliokoa gari. Tumekubaliana kwamba kila Desemba fundi ataligongagonga chini kwa nyundo ndogo, na siku chuma kitakapoitika kwa sauti ya debe bovu, tutaliacha. Baba ndiye aliyependekeza hivyo, na haikuwa rahisi kwake.

Kwa sasa chuma kingali chaitika vyema, na mama yungali ateremka kila Jumamosi. Ndugu yangu huteremka kwa gia ya pili, injini ikimsaidia kazi, breki akizigusa na kuziachilia ili zipumue. Kauntabuku ya baba imehamia kwenye droo ya gari, kwa kuwa macho yake hayaioni tena mistari. Mwandiko uliomo siku hizi ni wa ndugu yangu: herufi kubwakubwa, zisizonyooka, na tahajia ambayo mimi ningeisahihisha lau ingekuwa tasnifu. Ameandika: "Km 263,905. Oili na filta. Nyanya amepata dawa zake. Mama amesema breki hazipigi kelele tena."